Aliyebakwa si najisi: tiba ya mazungumzo na vikundi vya manusura



Safu hii imezoea kuzungumzia maji safi, vyoo, kucha za watoto na maradhi yanayoingia kwa mikono michafu. Leo tunazungumzia uchafu ambao haupo, lakini unawafanya watu waoge mpaka ngozi ichubuke. Ni ule ambao mwanamke, msichana au mvulana aliyeingiliwa kwa nguvu huuhisi mwilini mwake, na ambao jamii, badala ya kumwondolea, mara nyingi humwongezea.

Tazama hata lugha yetu. Mtoto mdogo akifanyiwa unyama huu tunasema "amenajisiwa". Msemaji anakusudia kueleza ubaya wa aliyetenda, lakini neno lenyewe linamwangukia mtoto. Binti aliyepita madrasa anajua najisi ni kitu gani. Ni kitu kinachoepukwa, kinachoharibu swala, kinachooshwa, na kipo kingine kinachooshwa mara 7. Akimsikia mama na shangazi wakinong'onezana chumba cha pili kuwa amenajisiwa, hahitaji kuelezwa zaidi. Hukumu ameshajipa mwenyewe.

Makala hii ina mambo mawili. Kwanza, kwamba mtu huyu si najisi, kwa sheria wala kwa utabibu. Pili, kwamba hisia hiyo inayomtesa ina tiba inayojulikana, na sehemu kubwa ya tiba hiyo ni mazungumzo, iwe yeye na mshauri peke yao au pamoja na wenzake katika kikundi.

TOHARA INASEMAJE

Tuliosoma Safinatun-Najaa tunakumbuka kuwa najisi zimegawanywa mafungu matatu: nzito, nyepesi na ya kati na kati. Katika mafungu yote hayo hamna mtu aliyedhulumiwa. Kuingiliwa kunaleta janaba, na janaba ni hadathi, siyo najisi. Hadathi huondoka kwa josho moja lenye nia na kueneza maji mwili mzima. Basi. Hakuna josho la pili, la kumi wala la miaka kumi.

Inajulikana habari ya Abu Huraira (r.a.), aliyekutana na Mtume (s.a.w.) njiani hali ana janaba, akajitenga kwa kuona hafai kukaa naye, akaenda kuoga ndipo akarejea. Mtume (s.a.w.) akamfundisha kuwa muumini hanajisiki. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa aliye na janaba ya kawaida hajawa najisi, vipi awe najisi yule ambaye hakuwa na hiari hata kidogo?

Na upande wa dhambi pia, jambo liko wazi. Aliyelazimishwa hana dhambi. Sura An-Nur, aya ya 33, inawataja wanaolazimishwa katika jambo hili hili, na ahadi yake kwao ni msamaha na rehema. Dhambi ni ya aliyetenda.

MWILI NA AKILI BAADA YA TUKIO

Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa sababu hazijui zinachokiona. Mtu aliyepatwa na kitisho kikubwa anaweza kubaki nacho mwilini miezi na miaka. Tunakiita kiwewe. Dalili zake ni hizi:

1. Tukio linajirudia bila kuitwa, ndotoni au mchana kweupe, kama kwamba linatokea sasa hivi.

2. Anakwepa. Hapiti njia ile, hataki nguo ile, hataki kuguswa, anaacha shule au anakataa kwenda kwa ndugu fulani.

3. Anashtuka kwa jambo dogo, halali, anakuwa mkali.

4. Anajilaumu, anaona hana thamani, anapoteza hamu ya chakula na ya watu. Hii ikizidi ni sonona, na wengine hufikia kutaka kujiua.

5. Kwa watoto, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, au anacheza michezo ya kimwili isiyolingana na umri wake.

6. Anaoga mno. Anatia udhu mara tatu, nne, kwa swala moja. Anabadilisha nguo kila saa. Anaacha swala kwa kuamini haikubaliwi.

Hili la sita kwa wengi hugeuka wasiwasi wa tohara, na sabuni haliliwezi, kwa sababu linalohisiwa halipo juu ya ngozi. Kila akioga hupata nafuu ya dakika chache, kisha hisia inarudi na nguvu zaidi. Kinachosaidia ni kinyume chake: josho moja, udhu mmoja, kisha kuizuia hamu ya kurudia hata ikimsumbua, mpaka akili ijifunze kuwa hisia hiyo hupita yenyewe. Ni kazi ngumu kuifanya peke yako. Ndiyo maana tunahitaji mshauri.

Baadhi ya wazee wakiona dalili hizi husema ni majini. Kisomo cha Qur'an ni rehema wala hatukikatazi, lakini kisiwe badala ya hospitali. Na liangaliwe sana hili: msichana aliyefanyiwa ubaya asipelekwe kufungiwa chumbani peke yake na mwanamume eti anasomewa. Faragha ya namna hiyo imeharamishwa hata kwa mzima, sembuse kwa aliyejeruhiwa. Asomewe mbele ya mama yake au maharimu wake anayemwamini.

KWA NINI HAKUPIGA KELELE?

Swali hili limevunja mioyo ya wengi. Jibu la kitabibu ni kwamba mwili wa binadamu ukipatwa na hatari una njia tatu: kupigana, kukimbia, au kuganda. Kuganda hakuchaguliwi. Ulimi unakuwa mzito, miguu haitii, sauti haitoki. Mtu anaweza kuwa macho na asiweze kunyanyua mkono. Kwa hiyo kunyamaza kwake siyo kukubali. Aidha, watoto wengi hutendewa na mtu wanayemjua na kumheshimu: ndugu, jirani, mwalimu, hata mtu wa dini. Mtoto aliyefundishwa kutii wakubwa hana kelele ya kumpigia mkubwa.

Wala tusidhani ni wasichana tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa Tanzania wenye umri wa miaka 13 hadi 24. Takriban wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, kuanzia kushikwashikwa hadi kuingiliwa kwa nguvu. Kwa upande wa Zanzibar, wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana, takriban 9 kwa 6 katika kila 100. Kati ya wote hao, kiasi cha nusu tu ya wasichana na theluthi ya wavulana ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote. Kijana wa kiume ananyamaza zaidi, kwa kuogopa kuitwa jina ambalo hatalifuta mpaka kaburini.

TIBA YA MAZUNGUMZO NI NINI

Wengi wakisikia "ushauri nasaha" hudhani ni kupewa mawaidha: vumilia, subiri, msamehe, sahau. Mawaidha yana mahali pake, lakini hiyo siyo tiba ya kiwewe. Tiba ya mazungumzo ina utaratibu, ina idadi ya vikao na ina kazi ya kufanya nyumbani.

Kwanza, mshauri anamweleza mgonjwa dalili zake ni nini na zinatoka wapi. Kujua tu kuwa huna wazimu ni nafuu. Pili, anamfundisha kutuliza mwili: kuvuta pumzi taratibu, kuitoa taratibu zaidi, kutazama vitu vilivyopo chumbani na kuvitaja, ili akili itambue kuwa hapa ni leo wala siyo siku ile. Tatu, na hii ndiyo kazi yenyewe, wanayatafuta mawazo yaliyokwama kama mwiba mguuni. "Ni kosa langu." "Mimi ni mchafu." "Hakuna mwanamume wa kuaminiwa duniani." "Mungu ananiadhibu." Kila wazo linaandikwa au kutamkwa, kisha linahojiwa kama shahidi mbele ya kadhi. Ushahidi wako ni upi? Ulijua nini wakati ule? Angekuwa mdogo wako ndiye aliyefanyiwa, ungemwambia hivyo?

Kidogo kidogo wazo la uongo linapoteza nguvu na la kweli linachukua nafasi yake. Jambo lililotokea halisahauliki. Linakuwa kovu badala ya kidonda.

Tahadhari moja. Kumkalisha mtu siku ya tukio au ya pili yake na kumlazimisha asimulie kila kitu mwanzo mpaka mwisho "ili apunguze" siyo tiba, na Shirika la Afya Duniani halishauri jambo hilo. Siku za mwanzo anahitaji usalama, matibabu, chakula, usingizi na mtu wa kukaa naye. Masimulizi yatakuja kwa wakati wake.

KIKUNDI KINAVYOENDESHWA

Kikundi cha kusaidiana ni watu wachache waliopatwa na msiba wa aina moja, wanaokutana kwa siku na saa maalumu chini ya mwezeshaji aliyefundishwa. Wanawake wana chao, wanaume wana chao, na watoto hugawanywa kwa umri. Kwa hiyo hofu ya kuchanganyika haina nafasi. Vingi hukutana hospitalini au katika ofisi za huduma za jamii, ambako anayeingia mlangoni anaweza kuwa amekwenda kwa jambo lolote.

Masharti ya kikundi kizuri ni haya:

1. Linalosemwa ndani linabaki ndani. Simu zinazimwa, harekodiwi mtu.

2. Halazimishwi mtu kusema. Anayetaka kusikiliza tu wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu, anaruhusiwa.

3. Haulizwi mtu undani wa tukio. Wanazungumza zaidi juu ya maisha ya leo: usingizi, hofu, mume, shule, swala.

4. Hakuna kuhukumu wala kushindanisha machungu.

5. Mwezeshaji hutangaza siku ya kwanza kuwa siri ina mpaka mmoja. Kama mtoto bado yuko hatarini, au mwanakikundi anataka kujiua, atachukua hatua ya kuokoa maisha.

Kikundi kisicho na masharti haya ni baraza la umbea, na mtu asikae hapo. Pia mwenye fikra za kujiua, au aliyechanganyikiwa kiasi cha kutojitambua, aanze kwa daktari kwanza.

Mtu atauliza, kikundi kina nini ambacho mshauri peke yake hana? Mimi tabibu nikimwambia binti kuwa kuganda ni jambo la kawaida, ataitikia kwa adabu. Akiambiwa na mwanamke aliyekaa naye mkekani, "Hata mimi niliganda," neno hilo linaingia mahali ambapo langu halikufika. Aibu huishi kwa kudhani uko peke yako.

USHAHIDI KUTOKA KONGO

Jambo hili limepimwa, na limepimwa kwa jirani zetu. Katika majimbo ya Kivu, mashariki mwa Kongo, ambako vita vimewatesa wanawake wengi mno, watafiti waliwafuatilia wanawake 405 waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kijinsia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipata msaada wa kawaida, mmoja mmoja, kwa kadiri walivyohitaji. Katika vijiji vingine walipata kikao 1 cha faragha na vikao 11 vya kikundi, wanawake 6 hadi 8 kila kikundi, wakifanya kazi ile ile ya kuhoji mawazo tuliyoieleza hapo juu. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa wanawake wa huko huko, waliosoma miaka michache baada ya shule ya msingi kisha wakafundishwa na kusimamiwa, wakizungumza lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo. Wengi wa wanawake waliohudumiwa hawakujua kusoma.

Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika waliopata tiba ya kikundi walikuwa 9 katika kila 100. Kwa waliopata msaada wa kawaida walikuwa 42 katika kila 100. Dalili za kiwewe nazo zilipungua kwa namna hiyo hiyo. Na walikuwa bado wanaishi katika eneo lisilo na amani. Ikiwezekana Kivu, kwa nini isiwezekane Temeke, Tanga au Wete?

JE, HUKO SIYO KUFICHUA AIBU?

Hili ndilo pingamizi kubwa katika nyumba zetu, na wenye kulisema wana nia njema. Uislamu umehimiza sitara. Lakini tujiulize, sitara ya nani? Kumsitiri mwenye kuteleza na akatubia ni jambo moja. Kumsitiri dhalimu ili aendelee kudhulumu ni jambo jingine. Mtume (s.a.w.) alifundisha kumsaidia ndugu awe dhalimu au mdhulumiwa, na alipoulizwa dhalimu anasaidiwaje, akaeleza kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake.

Imamu Nawawi katika Riyadhus-Salihin ametaja mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya wake bila kuwa ni kusengenya. La kwanza ni aliyedhulumiwa kushitaki dhulma kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Kuomba msaada wa kuiondoa munkari na kuwaonya watu na shari pia yamo. Kwa hiyo anayemweleza daktari, mshauri au polisi hasengenyi. Na katika kikundi hana hata haja ya kumtaja mtu kwa jina. Anataja maumivu yake. Hali kadhalika, vikao ni amana. Wanaokaa kwa masharti ya siri wanamsitiri mwenzao kuliko ukoo unaonong'ona.

Nalo lile la "kulimaliza kifamilia", kwa fedha, mbuzi, au kumwozesha binti kwa aliyembaka, siyo suluhu. Suluhu haihalalishi haramu. Ubakaji ni jinai, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu kali. Huyo binti mnayemwozesha mnampeleka akaishi ndani ya kiwewe chake.

SAA 72 ZA MWANZO

Likitokea leo, yafuatayo yafanyike haraka:

1. Asioge, asijisafishe wala asibadili nguo kabla ya kuonwa na mtoa huduma. Kama amebadilisha, nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi au kitambaa, siyo nailoni. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo. Matibabu yapo pale pale. Kuchelewesha josho kwa saa chache ni dharura. Wakati wa swala ukikaribia kumpita, mwulizeni sheikh mnayemwamini, lakini msiiache safari ya hospitali.

2. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na humezwa siku 28 bila kukatisha. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufaa mpaka siku 5, nayo nguvu yake hupungua kadiri siku zinavyopita. Yapo pia matibabu ya magonjwa ya zinaa, na chanjo za pepopunda na homa ya ini.

3. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, inahitajika kwa kesi. Lakini mwenye majeraha au anayevuja damu aanzie hospitali, fomu ifuate.

4. Zipo sehemu ambazo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana chini ya paa moja. Zanzibar kilifunguliwa kituo cha namna hiyo hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na Dar es Salaam hospitali ya Amana mwaka 2013. Kwingineko ulizia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kwa mtoto, simu namba 116 ni bure.

Na kama tukio ni la miaka 20 iliyopita? Saa 72 zimepita, lakini tiba ya mazungumzo haina muda wa kwisha. Mama wa watoto wanne anayo haki nayo kama binti wa juzi. Aende hospitali ya wilaya, aombe kuonana na mtu wa afya ya akili au ustawi wa jamii, na aseme sentensi moja tu: "Nilifanyiwa jambo nikiwa mdogo na linanisumbua." Inatosha kuanzia.

WAJIBU WA NYUMBA

Anayeambiwa mara ya kwanza ana nafasi kubwa kuliko sisi matabibu. Mwanao akikuambia, sema maneno matatu: nakuamini, siyo kosa lako, umefanya vyema kuniambia. Usimhoji kama askari. Mtenge na aliyemfanyia, hata kama ni mjomba, hata kama ndiye anayelipa ada. Usitangaze kwa ukoo. Mpeleke kikundini na umsubiri nje, na akitoka usimuulize walichozungumza. Baba naye asijifiche nyuma ya mama. Binti anayeona baba yake hamtazami tena usoni huamini kuwa kweli amechafuka.

Na maimamu na walimu wetu, tunawaomba jambo moja. Katika darasa la tohara, mnapofika mlango wa najisi, waambieni watoto kwa sauti kuwa mtu aliyedhulumiwa si najisi, na kuwa akifanyiwa ubaya na yeyote, hata mwalimu, ana ruhusa ya kusema. Huenda safu ya nyuma yupo anayelisubiri neno hilo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awaponye waliojeruhiwa, awape nguvu wenye kuwahudumia, na asizifanye nyumba zetu kuwa kichaka cha madhalimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.